Kidole cha Mama Eliane

Basi huyo Byamungu, mtoto wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alikuwa amebakiza sharti moja tu apate shahada ya uzamili ya uhandisi wa programu pale Mbarara. Moja! Masomo alishayamaliza, mitihani alishaifaulu, na kwenye semina alikaa mpaka makalio yakafa ganzi. Lililobaki ndilo hili: utengeneze mfumo wa kompyuta unaotumiwa na watu wa kweli, mkufunzi ausome mstari kwa mstari, kisha aje auone ukifanya kazi. Ukishindwa hapo, rudi kwenu ukalime maharage.

Yeye akatengeneza mfumo wa kugawia chakula kambini. Mtu anaweka kidole kwenye kimashine, taa ya kijani inawaka, anapimiwa mahindi na mafuta yake. Aliyekwisha kuchukua akirudi na kadi nyingine, taa nyekundu, na kadi zake zote zinafungwa. Wakubwa wa shirika walifurahi sana. Shetani gani alimtuma, jamani? Maana yeye mwenyewe alilelewa na kadi ya pili.

Mama yake mzazi, Yvette, alifia Nakivale mwaka uleule waliofika kutoka Fizi, Kongo. Mdogo wa marehemu, Mama Eliane, hakwenda kuripoti kifo. Alimzika dada yake, akalia, akaitunza kadi. Tangu hapo kila mwezi alipanga foleni kwa jina lake, akarudi nyumbani, akabadili kitambaa cha kichwa, akapanga tena kwa jina la Yvette. Foleni nzima ilijua na foleni nzima ilinyamaza, kwani nani hakuwa na marehemu wake anayekula? Mahindi ya marehemu ndiyo yaliyomsomesha Byamungu. Hakuna mfadhili mwingine.

Kwa hiyo akaficha mstari mmoja ndani ya mfumo: kidole hiki kikija mara ya pili, washa kijani. Akaenda kumtoa wasiwasi mama yake mdogo.

"Mama, usiogope ile mashine. Wewe pita tu."

"Niogope nini?" Mama Eliane akacheka. "Mashine ya mutoto wangu itanikatala namna gani?" Na akatangaza mpaka sokoni Rwekubo kwamba mashine ile imetoka kwenye kichwa cha mwanawe.

Ijumaa, huko chuoni, mkufunzi wake, Madamu Kellen, akaketi kuusoma mfumo. Mwanamke huyu alizaliwa kambi ya jeshi ya Mbarara, baba yake mwanajeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri. Ghafla akaugonga ule mstari kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu.

"Wewe Byamungu. Hii laini ni ya nani?"

Hapo alikuwa na nafasi. Angesema, ni ya mama aliyenilea. Angesema lolote!

"Ilikuwa ya majaribio, Madamu. Nilisahau kuitoa."

"Toa sasa. Mimi naona."

Akaifuta, kazi ya kufumba na kufumbua.

"Jumatatu nakuja huko Nakivale," Madamu akasema. "Ikifanya kazi, umemaliza."

Alirudi chumbani kwake Kamukuzi, akashika simu, akaiweka. Aseme nini? Mama, nimekufuta? Jumamosi akasema atapiga Jumapili. Jumapili akaenda kanisani, akaimba kwa nguvu kuliko wote, akatoka akijidanganya kwamba kesho atamwahi kabla ya foleni wazungumze uso kwa uso. Mwoga mkubwa!

Jumatatu gari la Madamu Kellen lilimpitia, likavuka Rwekubo bila kusimama, likamshusha moja kwa moja penye mizani. Mama Eliane alikuwa ameshachukua chakula chake asubuhi. Sasa alikuwa amerudi na kitambaa kipya cha njano, kile cha sikukuu, kadi ya Yvette mkononi. Alipomwona Byamungu amesimama na mgeni wa heshima, uso wote ukamchangamka.

"Ule ni mutoto wangu!" akawaambia wanawake waliokuwa nyuma yake. "Muangalie vile mashine yake inatumika."

Akaweka kidole. Nyekundu.

Akacheka, akakipangusa kwenye kitenge, akaweka tena. Nyekundu. Karani akaichukua kadi ya Yvette, akadai na ile nyingine. Mama Eliane akamtazama Byamungu, wala si kwa hasira. Alikuwa anangoja. Alijua mwanawe atasema neno sasa hivi.

"Unamjua huyu mama?" Madamu Kellen akauliza.

"Hapa tunajuana wote, Madamu," akajibu Byamungu, macho kwenye kompyuta.

"Sawa. Mashine yako iko vizuri. Umepita."

Mama Eliane akafungua fundo la kitenge, akatoa kadi yake mwenyewe, akamkabidhi karani bila kubishana. Kisha akawageukia wale wanawake.

"Nilikosea, bamama," akasema. "Nilizania ni mutoto wangu."

Foleni nzima ilijua, na foleni nzima ilinyamaza.