Walivyonisoma

Tangu niache besiboli sijawahi kukaa mji mmoja miaka miwili mfululizo. Nimepaka rangi matangi ya maji Kansas, nimeendesha mashine za kuvuna ngano kutoka Texas mpaka karibu na Kanada, nimelala ndani ya gari nje ya viwanja vya ligi za chini ambako hakuna anayenijua. Watu husema nina miguu ya kuwasha. Kinachoniwasha si miguu.

Nilikuwa mrushaji wa ligi kuu, na nilikuwa mzuri. Halafu msimu mmoja, ghafla, kila timu ikaanza kunipiga. Wapigaji walikuwa wanautuma mpira wangu majukwaani kama vile nimewawekea mezani. Kocha akasema mkono umekwisha. Nikamwamini, nikaacha. Mwaka uliofuata, siku moja nimekaa kando ya mto mmoja kule Kansas, nikaokota jiwe nikalirusha. Likavuka mto, likapita miti ya ng'ambo. Nikabaki nimesimama pale nikiutazama mkono wangu.

Mkono ulikwisha, au walinisoma?

Mrushaji ana mpira wa kasi na ana mpira wa kupinda, na mpigaji asiyejua upi unakuja ana kazi. Akijua, mpira unakuwa mkubwa kama boga. Sasa wako warushaji ambao mwili wao unasema kabla mpira haujatoka, na wenyewe hawana habari. Timu ikigundua haikwambii. Mtu akistaafu hasemi, akizeeka hasemi. Nimewauliza wengi, kwenye baa na kwenye mazishi, wakacheka, wakaninunulia bia.

Mwisho nikaenda kwa Orrin Kubicek. Huyu ndiye aliyenipiga kuliko wote. Sasa anafuga nguruwe Nebraska, goti lake moja ni la chuma. Nilifika Oktoba, mchana, fainali zikitangazwa redioni. Mkewe, Verna, alinifungulia mlango, akaniangalia, akacheka.

"Karibu, Delmar. Wewe ndiye uliyetujengea nyumba hii."

Tukanywa kahawa, yaani wao walikunywa. Mimi nilikuwa nakwenda dirishani na kurudi. Orrin akasimulia habari za nguruwe, za goti, za mvua iliyokataa kukoma wakati wa mavuno. Nikamkatiza, nikamuuliza. Akageuza kikombe chake mara kadhaa. Akasema ile haikuwa siri yake peke yake, ilikuwa ya timu, na wako wenzake ambao bado wazima.

"Hao wazima watarushiwa mpira na nani sasa?" Verna akamwuliza. "Mwambie mwenzio. Tangu aingie hajakaa kwenye kiti changu hata kimoja. Ananichosha miye."

Orrin akasema hatanena, lakini kama nina glavu kwenye gari, nirushe, nione mwenyewe. Mimi glavu nalala nayo.

Tukaenda nyuma ya banda. Akasimama mbele ya marobota ya majani makavu, ameshika mpini wa koleo badala ya gongo.

"Usinivunje goti lililobaki," akasema.

Nikaweka mikono kifuani, mpira umejificha ndani ya glavu, nikaushika kwa ajili ya kasi.

"Wa kasi," Orrin akasema, hata mguu sijainua.

Nikajiweka tena. "Wa kupinda." Kweli. Tena, kwa kupinda vilevile, nikidhani nitamkoroga. "Kupinda tena, mjanja wewe." Kila mara aliuona kabla ya mimi kuurusha. Hakukosea hata mara moja. Alikuwa anatabasamu kama kijana, kisha akauona uso wangu, akaacha.

"Mkono wako haukuwa na kosa, Delmar," akasema. "Tulikuwa tunaogopa benchi zima, mpaka tulipokiona. Ungecheza miaka mingi."

Nilitaka kumpiga na mpira mbavuni. Nilikuwa nimetafuta neno hilo karibu nchi nzima, na lilipokuja lilikuja na miaka yote ambayo sikucheza.

"Mlikiona nini?"

Akasita. Akatazama nyumba, akatazama mashamba yaliyovunwa, kana kwamba wenzake wa zamani wamejificha kule kwenye mabua.

"Kidole," akasema. "Cha shahada, kile unachokiacha nje ya glavu. Ukishika wa kasi kinalala. Ukishika wa kupinda kinainuka kama cha mtoto anayeomba kwenda chooni. Wewe hukioni, kiko upande wetu."

Nikatazama glavu. Ni kweli, kutoka kwangu hakionekani. Nilikuwa nakiacha nje tangu shule, kwa sababu mkono huo wa glavu ulikuwa unaniuma mpira ukitua. Nikakiingiza ndani, pamoja na vingine, nikamwambia Orrin asimame.

Akainama na mpini wake. Nikajiweka. Akakunja uso. Nikakaa pale, mikono kifuani, muda mrefu kuliko sheria inavyoruhusu.

"Sijui," akasema. "Haki ya Mungu, Delmar, sijui."

Nikarusha. Wa kupinda. Ulipinda vizuri, halafu ukaishiwa nguvu njiani, ukadunda kwenye tope mbele ya miguu yake na kujiviringisha hadi kwenye majani. Orrin hakuinua hata mpini. 

Verna akaita kwamba chakula kinapoa. Orrin akaweka mpini begani, akaanza kuchechemea kuelekea nyumbani, akisema kuna nyama na viazi, na kitanda kipo, nikitaka.

Nikaenda nikaokota mpira, nikaufuta kwenye suruali.

"Rudi usimame," nikamwambia.

"Mzee, giza linaingia."

"Rudi usimame, Orrin."

Akanitazama, akapiga kelele kwa mkewe asubiri kidogo, akarudi.