Isipokuwa Mtumishi

Kwa akina Mama Jerioth, hakuna anayetia sahihi mkataba kabla haujasomwa kwa sauti, neno la kwanza hadi la mwisho, yeye mwenyewe akisikia. Sheria hiyo aliiweka baada ya kubandika kidole gumba kwenye karatasi ya Kiarabu asiyoielewa. Aliambiwa ni miaka miwili. Alikaa minne bila likizo, huko Al-Naseem, Riyadh, akipikia watu kumi na wanne. Tangu hapo, ukimwambia "saini tu hapo chini," mmekosana.

Kwa hiyo Evans, mwanawe aliyeko Amerika, alipopata nyumba ya kununua, ilibidi asomewe mkataba na dada yake. Mueni ni karani wa mizigo bandarini Jeddah, analipwa kusoma yale maandishi madogo ambayo wenzake huyaruka. Si mtu wa kushtuka ovyo. Ijumaa alasiri alikaa chumbani kwake Al-Nuzha, karatasi za nyumba kwenye kompyuta, simu ya video mbele yake. Upande mmoja Evans, kwake kumepambazuka punde tu. Upande wa pili Mama, bado Riyadh, jikoni kwa madam anayemfanyia kazi, mikono imejaa povu. Mueni akawa anasoma Kiingereza na kutafsiri.

"Hizo za nyuma ruka," Evans akasema. "Wakili amesema ni historia tu. Nasaini Jumatatu, nikichelewa inaenda kwa mwingine."

"Kwetu hazirukwi," Mama akajibu.

Ukurasa wa thelathini na moja ulipigwa taipu mwaka 1941. Mueni akaanza mstari, akanyamaza. Akaurudia kimoyomoyo, akidhani macho yanamdanganya.

"Mbona kimya? Umekuta ikama, kile kibali changu cha ukaazi, humo?" Mama akatania.

"Inasema mtu asiye mzungu haruhusiwi kuishi katika nyumba yoyote ya mtaa huu. Milele. Isipokuwa mtumishi wa nyumbani anayeishi na mwajiri wake mzungu."

Kule Riyadh, Mama akafunga bomba la maji.

"Hiyo ilishakufa," Evans akasema haraka. "Sheria iliiua kabla sijazaliwa."

"Kama ilikufa, mbona unauziwa nayo?" Mueni akauliza. " Ifute, uweke sahihi kando, kama sisi bandarini."

"Haifutwi. Unaruhusiwa kubandika karatasi nyingine ya kuikana, basi."

Evans akajikuna shingo, akasema yaliyokuwa yakimsumbua. Anapopanga sasa ni ng'ambo ya barabara kuu, ndiko watu weusi walikosukumwa enzi hizo. Benki zikakataa kuwakopesha. Hadi leo nyumba za huko zina bei ya chini, na shule huendeshwa kwa kodi ya majengo, inayopimwa kwa bei hizo. Darasani kwa binti yake Emily, watoto watatu wanagawana kitabu kimoja. Shule ya upande wa nyumba anayonunua ina maabara na bwawa la kuogelea. Kati ya shule hizo mbili ni dakika saba kwa miguu.

Mueni akapigwa na butwaa. Siku zote alidhani mambo hayo ni ya picha za kale, yamekwisha. Kumbe watu waliozikwa zamani bado wanamchagulia Emily dawati la kukalia.

"Usisaini," akasema. "Tafuta mtaa mwingine."

"Nimeangalia mitatu yenye shule nzuri. Yote ina ukurasa huo."

Wote wawili wakamtazama Mama.

"Soma tena hapo kwa isipokuwa," Mama akasema.

Mueni akasoma tena. Mama akajifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo mimi ningeingia," akasema. "Ninyi niliowasomesha kwa kazi hii ndio mngefukuzwa."

Mueni alikuwa analia, wala hakuficha uso.

Sauti ya madam ikasikika kutoka sebuleni: "Jerioth! Yalla, haraka, chai!"

Mama akaitika, kisha akasogeza uso karibu na simu.

"Evans, saini. Mtoto asome. Bandika na hiyo karatasi ya kuikana. Mkataba wangu unaisha Desemba, nakuja kwako." Akainua kidole kimoja. "Lakini chumba changu kisiwe karibu na jikoni."

Akakata simu, akabeba sinia ya chai.