Aliyeuza Kengele ya Misheni

Kama una binti wa kuolewa na moyo wako hautulii, keti kwanza usome habari za Tabita wa Tunduma. Ukimaliza, ukiona bado unataka kwenda kufukua makaratasi ya watu waliokufa, nenda. Nauli ni yako.

Tabita alikuwa na duka la mchele wa Kamsamba pale sokoni, mume mpole aitwaye Rabson, na binti mmoja, Brenda, aliyekwisha kufika umri ule ambao akina mama wa kwaya wakikuombea wanakutaja jina kwa sauti. Ndipo Brenda akapata mchumba, Damiano Sichone, kijana anayeshinda mpakani na mafaili ya malori. Hanywi, anasali, ana kiwanja. Mama mwingine angelala usingizi. Tabita hakulala.

"Ni mtu wa mpakani," alimwambia mumewe wakiwa mezani. "Mguu mmoja huku, mguu mwingine ng'ambo, Nakonde. Mtoto wa Atupele si aliolewa na wa namna hiyo hiyo? Picha za harusi hazijasafishwa, mke wa Zambia akaja kubisha hodi na watoto wake."

"Kwani Damiano naye ana mke huko?"

"Bado sijamwona."

"Basi msubiri," alisema Rabson, akavuta bakuli la maharage.

Halafu kijana mwenyewe alikuwa akimkwepa. Akimwona Tabita upande huu wa barabara, anahamia upande ule. Siku moja alijificha nyuma ya lori la saruji mpaka mama mkwe apite. Tabita alimweleza jirani yake wa duka la pili, Ferista, kwa sauti ya mtu aliyekamata mwizi.

"Anakuheshimu wewe," Ferista alisema. "Mkweo huyo. Ulitaka akurukie mgongoni?"

"Heshima gani ya kujificha kwenye saruji?"

"Heshima ya kwetu. Rabson hakujificha kwa mama yako?"

Alijificha, tena mara moja aliingia kwenye banda la nguruwe. Lakini Tabita hakutaka kulikumbuka hilo, kwa sababu lilikuwa halimsaidii.

Kilichomkaa rohoni hasa ni siku upande wa mwanamume walipokuja kujitambulisha. Msemaji wao alikuwa Gibson Sichone, baba mkubwa wa Damiano, mzee mrefu mwenye koti la suti na ndala. Ilipofika zamu ya kutaja mababu alisema tu kwamba babu yao ni Yonathani Sichone, mtu wa Kamsamba aliyebatizwa katika misheni ya zamani kule milimani Mbozi. Akanyamaza. Hakuna alikohamia, hakuna alichofanya, kama vile mtu alibatizwa kisha akayeyuka.

Upande wa Tabita hapakuwa na unyamavu. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya babu yake mzaa baba, mzee Osea, ameketi kwenye kiti cha kukunja, mkono wa kushoto juu ya goti, na mkono huo haukuwa na kidole cha mwisho. Gibson aliitazama, akauliza huyo ni nani. Tabita akapata nafasi.

"Babu yangu huyo. Osea, wa Ibaba. Sisi si watu wa kuja, mzee, tunajulikana tulikotoka. Alifanya kazi migodini Zambia mpaka mashine ikamla kidole na masikio yakaharibika. Kengele ya kanisa ilikuwa ikilia Jumapili, yeye anabeba jembe anakwenda shamba la mbali. Alikuwa hasikii, maskini."

Gibson aliitazama ile picha muda mrefu kuliko adabu inavyotaka. "Mzee mzuri," alisema mwishowe, akaomba maji ya kunywa.

Wageni walipoondoka, Tabita akamwambia mumewe, "Umemwona? Babu yangu amemtazama, babu yake amemruka. Yule Yonathani ana jambo."

Kwa hiyo Tabita akafunga duka, akavaa kitenge cha safari na sweta, akaenda Mbozi kwenye ile misheni. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, baridi inauma mpaka kwenye meno. Katibu mstaafu, mzee Jastin, alimfungulia kabati lililokuwa na harufu ya panya na mishumaa. Tabita alisema anaandika historia ya ukoo. Hakusema ukoo wa nani.

Yonathani Sichone alikuwemo katika kitabu cha ubatizo, amebatizwa mtu mzima, pamoja na mke wake. Tabita alikaribia kukata tamaa kwa jinsi alivyoonekana mwema. Ila palikuwa na kitabu cha pili, cha watu waliotiwa adabu na kanisa, na humo, wakati wa vita vya Hitla, Yonathani Sichone alikuwemo tena. Imeandikwa kwa Kiswahili cha zamani kwamba huyo ameiba kengele ya misheni, akaivusha mpaka na kuiuza upande wa pili, amehukumiwa kifungo, na kuanzia leo amefungiwa Meza ya Bwana.

Tabita alisoma mara mbili. Nikikwambia alisikitika nitakuwa nakudanganya. Alijisikia kama mtu ambaye ameumwa tumbo siku nyingi, watu wanasema ni mawazo tu, kisha daktari akamwonyesha jiwe.

"Habari zake zinaendelea ukurasa wa nyuma," Jastin alisema.

"Hizi zinanitosha, baba."

"Piga picha zote mbili basi, usije ukarudi tena na baridi hii."

Akapiga zote mbili kwa simu, ya pili bila kuitazama, akashukuru, akawahi gari. Njia nzima alikuwa akijisomea ukurasa wa kwanza.

Rabson alipoonyeshwa alisema aliyeiba ni baba wa babu yake kijana na kengele yenyewe ilishayeyuka. Akamwomba wamalize mambo ya watoto. Brenda hakuonyeshwa kabisa. Tabita alikuwa amepanga. Mwizi wa kengele asingeweza kusemwa jikoni kwa kunong'onezana. Angesemwa siku ya mahari, mbele ya watu, ili Brenda asije akasema mama alimpikia majungu.

Siku hiyo ikafika. Sebule ilijaa. Upande wa Damiano walileta jembe jipya limefungwa kitambaa, wakaliweka mezani, maana bila jembe maneno ya mahari hayaanzi. Kaka yake Tabita, Efraimu, ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba. Akina mama walikaa jikoni na kuku wao, kama inavyotakiwa. Efraimu alikuwa ameshanyoosha mkono alipokee jembe pale Tabita alipotoka jikoni anafuta mikono kwa khanga, simu imekwisha kuwashwa.

"Samahanini wazee. Kabla jembe halijapokelewa, nina neno."

"Dada," Efraimu alisema taratibu, "kuku wanaungua."

"Waungue. Hawa wageni wetu walitutajia babu yao, wakatuachia katikati. Mimi nimemtafuta nimempata. Nitawasomea, nisije nikasingizia mtu."

Akasoma. Kengele, mpaka, kifungo, Meza ya Bwana. Alisoma vizuri, kwa kutulia, kama somo la Jumapili. Damiano, aliyekuwa ameketi pembeni ya mlango kwa heshima, aliinamisha kichwa. Brenda alikuja akasimama nyuma ya mama yake na mwiko mkononi.

Tabita akashusha simu. "Mimi ni mama. Nauliza tu, mtoto wangu anaingia nyumba gani?"

Gibson hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Efraimu. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akauliza, "Imeishia hapo, mama?"

"Kuna ukurasa wa nyuma."

"Usiufiche basi. Tusomee wote."

Tabita hakuwa anaficha kitu. Alikuwa hajausoma tu. Akavuta picha ya pili kwa kidole, akasoma kwa sauti ile ile iliyonyooka:

"Mtu huyo ajulikane kwa alama hii. Wakati wa kuipakia, kengele ilimwangukia mkono wa kushoto, na alipokamatwa kidole cha mwisho kikakatwa katika zahanati ya misheni. Akionekana katika..."

Hakuna aliyeambiwa atazame ukutani, lakini wote walitazama. Mzee Osea naye aliwatazama, mkono juu ya goti, vidole vinne.

"Wanaume wengi hawana vidole," Efraimu alisema.

"Ni kweli," Gibson alijibu. "Dada Tabita, wewe umezaliwa huku, mambo haya unayajua kuliko karatasi. Babu yetu Yonathani alikufa mwaka wa nzige. Kaburi lake liko Kamsamba, ukitaka nitakupeleka. Aliacha mjane na mtoto anayenyonya, na hakuwa na ndugu wa kiume. Kwetu mtu akifa jina halizikwi naye. Wazee hukaa, wakamvika mwingine lile jina, awe yeye, awe baba wa watoto. Palikuwa na kijana mmoja wa kazi pale nyumbani, mtu wa kuja. Ndiye aliyevikwa. Toka siku ile aliitwa Yonathani, akamlea yule mtoto, baba yangu mimi, akambeba mabegani mpaka anaota meno ya pili. Aliyebatizwa ni yule wa kwanza. Aliyeuza kengele ni huyu wa pili. Kitabu hakikujua, kimeandika jina."

Tabita alijua. Mjomba wake mwenyewe alikuwa amevikwa jina la marehemu, akaitwa baba na watoto wasio wake mpaka anazeeka. Kila mtu katika sebule ile alijua mambo hayo tangu utotoni. Ila alipoliona jina limeandikwa kwa wino, na mwandishi ni mzungu, akasahau alikozaliwa.

"Huyo wa kazi," Efraimu aliuliza, ingawa angeweza kuacha, "alikuwa anaitwa nani kabla?"

"Osea. Katokea Ibaba. Alipotoka kifungoni aliona haya kurudi, akarudia jina lake la Osea, akapitia Zambia, tukasikia kaoa huko. Sisi hatukumfuata."

Kuku walikuwa wanaungua kweli sasa. Hakuna aliyekwenda.

"Siku ile ya kwanza nilipomwona hapo juu," Gibson aliendelea, "niliomba maji kwa sababu koo lilinikauka. Tuliporudi nyumbani wazee tulikaa. Tukasema damu hakuna, jina alilivua mwenyewe, watu wa siku zile wamekufa. Watoto waoane, tusiwafukulie. Tukanyamaza. Sasa wewe umelitoa, umelisoma mbele ya watu na jembe liko mezani. Likishasemwa limesemwa. Babu yako ndiye baba wa baba yangu. Wewe ni dada yangu, na Damiano wewe ni shangazi yake. Watoto wa nyumba moja hawaoani."

Efraimu alijaribu kusema kwamba mchungaji angeangalia zaidi habari ya damu. Gibson alisema wanamheshimu sana mchungaji. Hakutaja wizi, hakutaja watu wa kuja, hakutaja chochote ambacho mtu angeweza kukijibu. Walikula kuku walioungua, wakasifu, wakalifunga jembe upya kwenye kitambaa chake, wakaaga kama ndugu wanavyoaga.

Wiki ile ile Tabita alimfuata Gibson mpaka kwake, akapiga magoti mlangoni.

"Kaka, si ulisema jina lilishavuliwa?"

"Lilikuwa limevuliwa, dada. Wewe umelivika tena. Ingia, kuna uji."

Brenda hakupiga kelele. Angepiga, Tabita angejua la kufanya, maana kwa kelele alikuwa na majibu. Alikunja nguo zake, akasema anakwenda kukaa Kamsamba kununua mpunga kwa wakulima, biashara ya mama nayo itanufaika.

"Joto la kule utaliweza?" mama aliuliza.

"Mama, ulitaka kujua. Si umejua?"

Tangu hapo magunia yanakuja kwa wakati, uzito umetimia, mchele hauna hata punje ya mchanga. Salamu haziji. Tabita kila gunia analifungua mwenyewe na kupitisha mkono ndani mpaka chini, halafu anaufunga mdomo wa gunia na kuuza.

Damiano, kwa upande wake, haendi tena kujificha kwenye saruji. Mkwe ndiye anayejificha. Mtoto wa kaka hana haya na shangazi. Anaingia mpaka jikoni, anafunua sufuria, anasema, "Shangazi, leo umepika nini?" na kukaa kwenye kiti ambacho kama angemwoa Brenda asingethubutu kukikaribia mpaka azeeke. Anakula vizuri. Anamchotea maji. Hajawahi kuwa na mke Nakonde. Tabita anamwongezea nyama na kumtazama anavyotafuna.

Mwaka uliofuata Damiano akaoa binti anaitwa Nesta. Shangazi ana kazi zake katika harusi, kwa hiyo Tabita alishonewa sare, akawekwa mstari wa mbele. Brenda alituma gunia la mchele wa harusi, zuri kuliko yote.

Nje ya kanisa, kabla ya ibada, mama yake Nesta alimsogelea Tabita na kumvuta kando kwa kiwiko. Alikuwa mwanamke mwembamba, macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Dada, nimesikia wewe ndiye mwenye makaratasi ya ukoo huu. Mimi ni mama, nauliza tu. Huyo babu yao alikuwa mtu gani hasa?"

Simu ilikuwa ndani ya pochi ya Tabita, na kurasa zote mbili zilikuwemo bado. Alimtazama yule mama, akamjua kabisa, kama mtu anavyoijua nguo yake kwenye kamba ya jirani. Juu yao kengele ikaanza kulia kuita watu ndani.

Tabita akaweka kiganja sikioni.

"Sisikii vizuri, mama," alisema. "Ni masikio ya ukoo wetu. Twende ndani."