Kisanduku Kilichofika Peke Yake

Mjomba wangu Taza Gul alifika mpakani Torkham Jumanne, saa saba na dakika kumi mchana. Mimi mwenyewe nilimwona akifika. Alikuwa doa la kijani kwenye kompyuta yangu ofisini Peshawar, na doa la kijani halikuwa na ubishi. Majeshi ya mataifa arobaini na kitu kule ng'ambo, Afghanistan, yaliamini madoa yetu kuliko macho ya watu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kukodolea macho madoa. Kila lori lililobeba kontena la majeshi kutoka bandari ya Karachi lilibandikwa kisanduku cheusi chenye sumaku, kidogo tu, unakitia mfukoni. Kisanduku kilituma habari kwenye mtambo, na maofisa wa nchi zote wakaona ilipo juisi yao, yalipo matairi yao, zilipo karatasi zao za chooni. Lori likisimama zaidi ya dakika arobaini bila kibali, doa linageuka jekundu. Dereva akipata mekundu matatu, hapakii tena. Waliotengeneza mtambo ule walifikiria madaraja, mafuta, theluji na foleni ya forodha. Hawakufikiria kwamba dereva ana shangazi, na kwamba shangazi hufa.

Sisi Wapashtuni, ukikosa mazishi ya mtu wako utasemwa wewe, watasemwa na wanao. Ndipo mimi, mwenye akili nyingi, nikawafundisha madereva ujanja. Bandua kisanduku, mpe mwenzako wa msafara aende nacho, wewe kazike, kisha mfuate mpakani. Wakaniita Profesa. Wakaniletea mapera ya Kohat kikapu kizima, nami kichwa kikavimba.

Jumanne ile asubuhi mjomba alinipigia akiwa Jamrud, kabla hajapanda milimani. Shangazi yake amefariki katika kijiji cha Sra Ghundai, juu ya barabara kuu, njia ya mawe matupu.

"Profesa, kisanduku changu anacho Misal Khan," akasema. "Leo nipo sehemu mbili kama jini."

"Usichelewe, mjomba."

"Nikichelewa si utaniona kwenye tivii yako?" Akacheka, akakata simu.

Jioni Misal Khan, dereva mwenzake wa msafara, akanipigia kwa simu ya dukani Torkham, maana mitandao ya simu za mkononi kule juu ilikuwa imezimwa tena na wakubwa. Alikuwa na visanduku viwili na kontena moja, akauliza mjomba yuko wapi. Nikamwambia amezuiliwa msibani, kwani watu wanakuja kukaa na wafiwa siku tatu, na huwezi kunyanyuka tu ukaondoka. Akaridhika. Kumbe kule kijijini walimwona akiwasha lori mara tu baada ya kuzika, wakajua yuko mpakani. Mkewe naye alijua yuko mpakani. Kila mtu alimweka mahali pake, akalala.

Jumatano asubuhi Misal Khan akapiga tena. Mjomba hajafika. Nikasimama, halafu nikakaa. Kusema mjomba hayupo Torkham ni kusema kisanduku kilibebwa, na kusema kilibebwa ni kumtaja aliyewafundisha. Nikajiambia labda atatokea saa sita, labda baada ya sala ya adhuhuri. Nilikaa pale mpaka alasiri nikitazama doa lake la kijani. Niliogopa kufukuzwa kazi, sina neno jingine la kuremba.

Alasiri nikamwendea mkuu wetu, Injinia Fahim, nikamwambia yote. Hakunitazama mimi, alitazama kompyuta. Maofisa wa ng'ambo walikuwa wamehesabu msafara kwa madoa na kubonyeza kwamba wameupokea wote.

"Noroz, mzigo umeshapokelewa," akasema. "Nitawaambiaje watafute lori ambalo wanalo?"

"Hawanalo, bosi. Mjomba wangu yuko mlimani."

"Basi mjomba mtafute wewe. Lori hili kwangu limefika."

Alfajiri ya Alhamisi nikaondoka na binamu zangu wawili. Tulimpata kwenye kona ya tatu kushuka kutoka kijijini. Lori lilikuwa limelala ubavu korongoni, chini ya ukingo, na ukiwa barabarani huoni kitu. Maboksi ya karatasi za chooni yalikuwa yamepasuka, nyeupe kila mahali juu ya mawe. Mguu wake ulikuwa umebanwa chini ya usukani. Chupa ya chai ilikuwa kavu. Daktari wa Landi Kotal alisema amefariki usiku uliopita, kwa kiu na damu, na kwamba angefikiwa Jumatano mchana angepoteza mguu tu. Simu yake ilikuwa imejaribu namba yangu mara kumi na moja. Ya mwisho ilikuwa Jumatano magharibi.

Siku ya tatu ya msiba mkewe, Shahtarina, aliniita kando. Hakulia.

"Misal Khan alikwambia lini kwamba hajafika?"

"Jumatano."

"Asubuhi au jioni?"

"Jioni," nikasema.

Akaniombea dua, akanishukuru kwa kwenda kumtafuta.

Mwisho wa mwezi mtambo ukatoa orodha ya madereva ambao hawakuchelewa hata mara moja. Jina la mjomba lilikuwa la kwanza. Injinia Fahim aliichapa bila kuisoma, akaibandika ukutani juu ya birika la chai. Haikubanduliwa na mtu, hata mimi sikuibandua.

Siku hizi visanduku vimefungwa kwa bolti. Njia ya kuvitoa bado ipo na ninaijua. Majira ya baridi Misal Khan alikuja mezani kwangu, lori lake limesimama nje na mzigo, kofia ameishika mkononi. Mama yake alikuwa amekufa asubuhi hiyo, kijijini, mwendo wa saa mbili kutoka barabara kuu.

"Profesa," akasema, "nifanyie njia."

"Hakuna njia, Misal Khan."

"Ipo. Wewe ndiye ulinifundisha."

"Haipo tena."

Akavaa kofia, akaenda kupanda lori lake. Mama yake alizikwa na majirani. Nilimfuata kwa macho mchana kutwa, kijani mpaka Torkham. Sasa akija ofisini huwapa mkono wote mmoja mmoja, akifika kwangu hunipita.