Swali Aliloulizwa Mzee Sadoki

Ukitaka kumjua mtu aliyechoka, mtazame anayeomba viza ya kukaa muda mrefu. Eunike alikuwa hoi.

Alikuwa mfasiri wa kampuni moja ya Ulaya, kazi aliyoifanyia kwenye kompyuta yake chumbani Sombetini. Sasa kampuni ilitaka aende akaishi huko mwaka mzima. Asipokwenda, mkataba basi. Ubalozi ukasema: tuonyeshe kwanza nyumba utakayokaa. Wenye nyumba wakasema: tuonyeshe kwanza viza. Akampata mama mmoja mwenye huruma aliyemshikia chumba, muda ukapita, chumba kikaenda. Akatafuta kingine, akatuma tena picha, tena taarifa za benki, tena barua ya mwajiri. Ikafika mahali anaota ngazi za nyumba ambazo hajawahi kuzikanyaga.

Mwishowe likabaki jambo moja tu, uhakika kwamba atarudi. Wangempigia simu mtu wa nyumbani kwao. Eunike akatoa namba ya baba yake, Mzee Sadoki wa Akheri, mkulima wa kahawa na ndizi, mzee wa kanisa, mtu asiyesema uongo hata wa kumfurahisha mgeni. Angempata wapi shahidi bora?

Majibu yakaja. Amenyimwa, kwa kuwa haijathibitika kwamba ana sababu ya kurudi kwao.

Akapanda Akheri siku hiyohiyo.

"Shikamoo baba. Wale watu wa ubalozi walikuuliza nini?"

"Marahaba. Waliuliza kama utarudi kukaa hapa, na kama una shamba." Mzee alikuwa na furaha tele. "Nikawaambia wasiwe na wasiwasi. Huyu ni binti, kihamba chetu cha urithi ni cha kaka yake Gerson. Binti akishakua anakwenda zake, harudi kubanana na watu. Nimekusemea vizuri mno!"

Eunike alikaa kizingitini akalia. Hasira hakuwa nayo. Hata hiyo inataka nguvu. Tangu azaliwe, Mzee Sadoki hakuwahi kusikia mzazi akipongezwa kwa sababu binti yake amerudi nyumbani. Alipoeleweshwa akaingia migombani.

Alirudi na panga na vipande vya masale, mmea ambao kwa Wameru ndio hutenga shamba la huyu na la yule.

"Kuanzia mgomba ule mpaka mferejini ni kwako," alisema. "Gerson nitaongea naye."

Hakuna binti wa ukoo wao aliyewahi kupewa hata mgomba mmoja. Eunike akainuka, akayashika masale yasimame wima, baba yake akashindilia udongo kwa kisigino.

"Sasa waambie wanipigie tena. Safari hii nitasema unarudi, na haitakuwa uongo."

Eunike hakuwa na nguvu ya kumwambia kwamba hawapigi mara mbili.

"Sawa, baba," alisema, akachukua sale lingine.