Maji Yalipopungua Mchana

Nyumba ya Nasri Uwesu pale Isevya ilikuwa na vitu ambavyo mgeni alipaswa kuelezwa kabla hajavigusa. Taa ya uani iliwaka yenyewe giza likiingia. Mlango wa banda la kuku ulijifunga magharibi bila mtu kuusogelea. Geti halikuwa na ufunguo. Lilikuwa na kufuli la umeme ambalo mtu wa nje alilifungua kwa kubonyeza namba, au Nasri mwenyewe alilifungua kwa simu akiwa popote.

Hakuna aliyemtuma kufanya haya. Kazi yake ilikuwa kuuza vifaa vya umeme dukani Mtendeni, na akirudi nyumbani, wenzake wakienda kijiweni, yeye alikaa barazani na bisibisi, nyaya na pasi ya kulehemu mpaka aitwe kula. Mkewe Ummy, mwalimu wa shule ya msingi, alikwisha kumzoea. Alimwomba kitu kimoja tu, kwamba jiko lake liachwe kama lilivyo.

Kazi ambayo Nasri aliipenda kuliko zote ilikuwa ile ya tangi. Maji ya bomba yalikuja kwa zamu, na mara nyingi walishtukia tangi limekauka Ummy akiwa na nguo kwenye beseni. Basi akatengeneza kidude cha kupima kina cha maji, akakitilia laini ya simu na kisola kidogo juu ya mfuniko, kikawa kinampelekea ujumbe kila maji yanapoteremka kwa kasi. Mama yake, Bi Mwanne, aliyekuwa akiishi nao tangu alipofiwa na mumewe, alikitazama akacheka.

"Mwanangu, maji yakiisha si tutajua yameisha?"

"Mimi nataka kujua kabla, mama."

"Haya. Na chai nayo ikikaribia kuisha kikwambie."

Kitu kimoja tu kilimletea Nasri maneno na watu, nacho ni kamera. Aliifunga juu ya ukuta kuangalia geti, kumbe jicho lake lilichungulia pia ua wa jirani, Paskazia, mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Xavery. Mama Xavery alimwita getini, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Baba Najiat, mimi sijazoea kukaanga dagaa wangu huku natazamwa." Nasri aliomba radhi na kuigeuza siku ileile. Lakini baada ya hapo salamu zao zikawa fupi. Shikamoo, marahaba, basi, kila mtu anaingia kwake. Bi Mwanne, ambaye zamani alikuwa akivuka kwenda kwa Mama Xavery kuchambua mchicha, naye akapunguza kwenda. Aliona haya kwa ajili ya mwanawe.

Mwezi wa Oktoba joto lilizidi. Chumba cha Bi Mwanne kilikuwa upande wa jua, na umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara mchana. Nasri akachomoa betri ya akiba ya kufuli la geti, akaifunga kwenye feni ya mama yake. Alijiambia ataleta nyingine kutoka dukani. Hakuileta.

Siku moja ya wiki hiyo alipanda pikipiki yake kwenda Puge, mbali nje ya mji, kwa Anselm, mkulima wa vitunguu aliyetaka kufungiwa pampu ya sola. Ummy alikuwa darasani, binti yao Najiat yuko shuleni, Bi Mwanne amebaki peke yake kama siku nyingi. Adhuhuri ilikuwa imeshapita kidogo. Nasri alikuwa amechuchumaa kando ya kisima akikaza nati pale simu ilipolia ujumbe. Maji ya tangi yanateremka.

Akafikiri ni Bi Mwanne anafua. Akaendelea na nati. Ujumbe wa pili ukaja, kisha mwingine. Maji yalikuwa yakishuka vilevile, bila kusimama, kama bomba lililoachwa wazi. Mtu anayefua hufungua na kufunga.

"Bomba limepasuka nyumbani," alimwambia Anselm. Akampigia mama yake ili afunge koki. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Alimpigia Ummy, akijua kwamba simu ya Ummy hukaa kwenye mkoba ofisini wakati wa vipindi. Haikupokelewa.

Hapo ndipo jambo lilipomwingia moyoni. Bi Mwanne hutawadha adhuhuri. Na Bi Mwanne ana kisukari.

Namba ya Mama Xavery alikuwa nayo kwa sababu ya kundi la misiba la mtaa. Aliitazama. Hakuwahi kuipiga hata siku moja, na tangu mambo ya kamera hakuona ana uso gani wa kuipiga. Akaipiga.

"Shikamoo mama. Ni Nasri wa hapo jirani."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Niko Puge, mama. Nadhani maji yanamwagika nyumbani na mama hapokei simu. Naogopa ameanguka. Nakuomba…"

"Kata simu niende," alisema Mama Xavery.

Nasri alibonyeza simu kufungua geti. Haikujibu kitu. Akabonyeza tena na tena. Kisha akakumbuka betri ilipo, akaelewa kwamba Isevya hakuna umeme, na kwamba namba za getini nazo zimelala. Ukuta ule aliujenga mwenyewe, akapanda vipande vya chupa juu yake.

Mama Xavery alipiga. "Geti halifunguki."

"Halitafunguka, mama. Umeme umekatika. Tafuta mtu mwenye nguvu avunje…"

"Nikamtafute wapi saa hii? Wote wako kazini. Namsikia mama yako. Anasema kitu lakini sielewi." Simu ikakatika.

Nasri alisimama akiwa ameishika spana hajui aiweke wapi. Anselm akamnyang'anya funguo za pikipiki mkononi. "Wewe huwezi kuendesha hivyo. Kaa nyuma." Wakaondoka wakaiacha pampu juu ya majani. Njia nzima Nasri alikuwa akiomba kimyakimya, akichanganya dua na namba za simu.

Walikuwa hawajaufikia mji pale Ummy alipompigia. Alikuwa ameona kwenye simu yake kwamba Nasri alimpigia, akakimbia nyumbani kutoka shuleni. "Yupo hai," alisema kabla ya salamu. "Tuko hospitali. Anazungumza. Njoo taratibu."

Mambo yalivyokwenda aliyapata baadaye, kwa Ummy. Mama Xavery, mwanamke mnene wa miaka sitini na ushee, alisogeza pipa lake tupu ukutani, akatandika gunia juu ya zile chupa, akapanda. Gunia liliteleza. Alikatika kiganja cha mkono, gauni likachanika mpaka pajani, akaangukia kwenye maua ya Ummy. Alimkuta Bi Mwanne sakafuni bafuni, koki iko wazi, maji yamemzunguka, jasho linamtoka, maneno yake hayashikani. Mama Xavery alimjua mtu aliyeshukiwa na sukari, kwa kuwa marehemu mumewe aliugua hivyo miaka mingi. Alimkalisha, akamkorogea maji ya sukari, akamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka macho yakatulia. Ndipo akafungua geti kwa ndani, ambako kufuli lilifunguka kwa mkono, na kuita bajaji.

Daktari alisema mfupa wa kifundo cha mkono umepata ufa, nyonga haikudhurika, na kwamba angechelewa kukutwa, wangekuwa wanaongea habari nyingine. Bi Mwanne alikuwa amelala, mkono umefungwa. Nasri alipiga magoti kando ya kitanda akaanza kulia.

"Usilie," Bi Mwanne alisema. "Umemshukuru mwenzangu?"

Mama Xavery alikuwa kwenye benchi la nje, kiganja kimeshonwa, amejifunga kanga ya Ummy kuficha gauni. Nasri alimsalimia.

"Mama, sijui nikushukuru vipi."

"Ondoa zile chupa," alisema Mama Xavery. "Na utafute kufuli la kawaida."

Nasri akacheka, na machozi yakamtoka palepale.

Jumamosi iliyofuata alivunja chupa zote ukutani kwa nyundo. Akafunga kitasa cha ufunguo getini, na ufunguo mmoja akampelekea Mama Xavery. Akaupokea, akauzungusha vidoleni.

"Na tangi langu mimi," aliuliza, "nani analiangalia?"

Hakuuliza kwa utani. Mwanawe Xavery alikuwa anafanya kazi Mwanza, binti yake ameolewa Kigoma, na siku nyingi sauti ya kwanza aliyoisikia ilikuwa ya redio. Nasri aliona aibu kwamba aliishi ukuta mmoja naye miaka yote hiyo na wazo hilo halikumjia. Alirudi nyumbani kuchukua vifaa. Kabla ya magharibi tangi la Mama Xavery lilikuwa na kidude chake na kisola chake, na ujumbe wake ulikwenda kwenye simu mbili, ya Nasri na ya Ummy.

Bi Mwanne alipotoka hospitali, Ummy alipika wali na kuku wa kienyeji, akatandika mkeka uani, akamwita Mama Xavery. Anselm naye alikuja kutoka Puge na kiroba cha vitunguu, akisema pampu inaweza kungoja mpaka mkono wa bibi upone. Najiat alimwosha bibi yake mkono mmoja uliobaki mzima.

Bi Mwanne aliomba asome dua kabla hawajala. Alimshukuru Mungu kwa maji na kwa jirani. Alimwombea Xavery huko Mwanza, na binti aliyeko Kigoma, na marehemu mume wa Mama Xavery, akamtaja kwa jina lake, Kasimiri. Mama Xavery aliinamisha kichwa, akafanya ishara ya msalaba kwa ule mkono ulioshonwa. Dua ikaendelea. Aliwaombea wanafunzi wa Ummy, vitunguu vya Anselm, na daktari ambaye jina lake hakulishika. Wali ulikuwa unapoa, na hakuna aliyemharakisha.