Jicho la Akiba

Jicho la kulia lilianza kuona ukungu wiki ile niliyoshona kola nje ndani. Muuza miwani alinijaribishia miwani sita, kisha akaziweka chini. "Fundi, hapa si suala la miwani. Mtafute daktari bingwa wa macho, tena leo leo."

Fundi cherehani asiyeona atashona nini?

Mke wangu ndiye aliyempata daktari, baada ya kupiga simu hospitali tatu. Njia nzima nilimfokea bure, na yote yalikuwa woga tu.

"Punguza makelele, baba watoto," akasema. "Hata hilo likigoma, la kushoto si lipo?"

Kweli, la kushoto lipo! Tena halijachoka: miaka thelathini natunga uzi kwenye sindano nikiwa nimelifumba. Nikaingia kwa daktari kifua mbele.

Daktari alikuwa binti wa umri wa kumzaa mwenyewe. Aliniziba jicho la kushoto, nikasoma mistari miwili ya herufi ukutani kwa taabu. Kisha akahamishia kiziba kulia.

Nikangoja. Giza tupu.

"Sasa daktari," nikang'aka, "umezima taa, nitasomaje?"

Nikasikia kiti cha mke wangu kikisogea, halafu mkono wake ukanishika bega.

"Taa inawaka, baba watoto."